Fumo Liyongo na Gungu Lililofunika Sauti ya Tupa

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa arusini Garsen. Taarabu ilikuwa imepamba moto, nami nimeketi mkekani pamoja na wazee, mara jenereta likazimika. Kinanda kikanyamaza katikati ya wimbo, taa nazo zikaenda, na mwimbaji akabaki kinywa wazi. Lakini mpiga dumbaki hakuinua mikono yake. Aliendelea kana kwamba hapana lililotokea, na punde si punde akina mama wakatoka uani na masinia na upatu, wakaupokea mdundo, na wimbo ukamalizika gizani vizuri kuliko ulivyoanza. Mzee mmoja wa Kipini aliyekuwa ubavuni mwangu akanigusa bega, akanikumbusha kwamba hata Liyongo aliokolewa na upatu.

Ndugu msomaji, mimi nimemsikia Liyongo tangu utotoni, lakini kama wengi wetu nilimjua kwa upinde na kimo chake tu. Tangu usiku ule namwona zaidi kuwa mtu wa ngoma.

Fumo Liyongo alikuwa mtu wa Shaka, mji wa kale ulio karibu na Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini. Wanavyuoni wamebishana sana juu ya zama zake. Wako wamwekao karne ya 13 au kabla, na wako wamletao hadi karne ya 17. Habari zake zilipokewa kwa mdomo kizazi hata kizazi. Askofu Edward Steere alizipiga chapa mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili, na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akazitungia utenzi. Kijumwa naye, tusisahau, alikuwa fundi wa kuchonga milango na mpigaji wa kibangala, kwa hiyo alijua vyema anasimulia habari za nani.

Utenzi wasema Wagala, ambao leo twawaita Waorma, walimstaajabia shujaa huyu hata wakataka mbegu yake. Wakamwoza binti yao, akazaa naye mtoto wa kiume. Sifa hizo zilimtia hofu Sultani wa Pate, asije akanyang'anywa ufalme. Zikaanza njama. Watu wa msituni wakahongwa wamuue akiwa juu ya mkoma, kila mtu akipanda kwa zamu kuangua matunda. Zamu yake ilipofika hakupanda. Aliyaangua makoma kwa mishale akiwa chini. Mwisho alikamatwa, akatiwa gerezani na kufungwa minyororo.

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Mama yake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi jina lake Saada, na kila chakula kizuri walinzi walikila wao, wakamwachia makombo. Liyongo hakugombana nao. Alimwimbia Saada mashairi ya mafumbo ampelekee mama yake, walinzi wakisikiliza pasi na kuelewa, kwamba aoke mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Mkate ulipofika walinzi waliuona mchafu, wakamtupia mwenyewe.

Tupa alikuwa nayo. Lakini chuma kikikerezwa chuma chasikika mbali, hasa usiku. Basi alipoulizwa anataka nini kabla ya kuuawa, akataka achezewe gungu na mwao. Akawafundisha watu waliokuwa nje jinsi ya kuimba, na matoazi, tasa na upatu vipigwe vipi. Wao wakidhani wanamwaga, walicheza kwa nguvu zao zote, naye ndani anakereza. Hebu fikiri ngoma ile ilivyokuwa. Mpigaji mmoja akichoka, au upatu ukianguka, kimya kidogo tu kingeisikizisha tupa. Sidhani kama yuko mwanamuziki mwingine wa pwani yetu aliyewaongoza wapigaji asiowaona, wasiojua wanachokifanya, na roho yake imo katika mdundo wao. Hawakunyamaza. Minyororo ikakatika, akavunja mlango, na wale wachezaji wakatimua mbio. Liyongo akashika njia ya msituni.

Kilichomshinda hakikuwa gereza. Mwanawe yule aliyezaa na binti wa Kigala alirubuniwa na Sultani kwa ahadi ya kuozwa binti yake na kupewa cheo. Akatumwa amuulize baba yake siri ya kifo chake. Liyongo aliishuku hila, hata hivyo akamwambia: sindano ya shaba kitovuni. Kijana akangoja baba alale, akamdunga.

Liyongo aliamka, akachukua upinde, akaenda akapiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa tayari. Roho ikamtoka vile vile, mwili usianguke. Watu hawakuthubutu kusogea kuteka maji, wakidhani yu hai na ameghadhibika. Mji ukashikwa na kiu. Ikabidi aitwe mama yake, yule mwoka mkate wa wishwa, aje ambembeleze mwanawe. Akabembeleza, asijibiwe, mpaka siku maiti ilipoanguka yenyewe.

Kipini na Ozi wangali wakionyesha mahali alipozikwa. Yule kijana, wasema wasimulizi, binti wa Sultani hakumpata.