Ernest Henry Wilson

Ernest Henry Wilson (Chipping Campden, Uingereza, 15 Februari 1876 – karibu na Worcester, Massachusetts, Marekani, 15 Oktoba 1930) alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka Uingereza aliyepeleka mamia ya spishi za China katika bustani za Ulaya na Marekani. Anajulikana hasa kwa yungiyungi la kifalme (Lilium regale).

Maisha

Akiwa kijana alifanya kazi katika bustani ya mimea ya Birmingham, halafu Kew, London. Mwaka 1899 kampuni ya Veitch, iliyouza miche, ilimtuma China kutafuta mti wa Davidia. Mti alioelekezwa aliukuta umeshakatwa ili kujengea nyumba, lakini baadaye alipata mingine.

Yungiyungi la kifalme

Mwaka 1903 aliliona yungiyungi hilo katika bonde la mto Min, mkoa wa Sichuan. Si ua la majini: kwa asili linaota kwenye miteremko mikavu yenye mawe ya bonde hilo, penye joto kali wakati wa kiangazi na baridi kali wakati wa kipupwe. Maua yake ni meupe, yana harufu nzuri na umbo la tarumbeta.

Mwaka 1910 Wilson alirudi huko kwa niaba ya Arnold Arboretum ya Boston ili kupata matunguu yake kwa wingi. Akiwa njiani kurudi Chengdu, mawe yaliporomoka kutoka mlimani yakamvunja mguu wa kulia. Miguu ya kamera yake ilitumika kama gango. Njia ilikuwa nyembamba mno, na msafara wa nyumbu haukuweza kugeuka. Ikabidi alale chini wanyama wampite juu, na hakuna aliyemkanyaga. Alibebwa siku tatu hadi Chengdu. Kidonda kikaoza, na nusura mguu ukatwe. Tangu hapo alichechemea.

Matunguu maelfu kadhaa yalichimbwa na wasaidizi wake Wachina, ambao walifanya naye kazi kwa miaka mingi ingawa ni nadra majina yao kutajwa. Yalifika Marekani salama, na ua hilo likaenea katika bustani nyingi.

Miaka ya mwisho

Baadaye alisafiri Japani, Korea, Taiwan, Australia, Uhindi na Afrika Mashariki. Mwaka 1927 alikabidhiwa uongozi wa Arnold Arboretum. Alifariki pamoja na mke wake, Ellen, katika ajali ya gari. Walizikwa Montreal, Kanada.