Peter Forsskål, Aliyeitia Mirungi Vitabuni

Sisi watu wa pwani mirungi twaijua. Twaiona arusini, twaiona barazani baada ya isha, na hapa Nairobi niishipo naiona ikiuzwa River Road katikati ya mji hata Kangemi na Kawangware upande wa magharibi. Lakini ni wachache wamjuao mtu aliyeiandika kwanza katika vitabu vya elimu ya mimea. Jina lake ni Peter Forsskål.

Bwana huyu alizaliwa Helsinki mwaka 1732, mji ambao siku hizo ulikuwa chini ya mfalme wa Uswidi. Baba yake alikuwa kasisi. Alisoma Uppsala kwa Linnaeus, bingwa wa mimea, na akasoma lugha za Mashariki huko Göttingen, Ujerumani. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka 1759 alitoa kijitabu cha kutetea uhuru wa raia, serikali ikaamuru nakala zikusanywe, na aliyetwikwa kazi hiyo ni mwalimu wake yuyo huyo, Linnaeus.

Januari 1761 mfalme wa Denmark alimpeleka Bara Arabu pamoja na wenzake watano. Walikaa Misri kiasi cha mwaka mmoja, kisha wakashuka kwa Bahari ya Sham, wakafika Luhayya, Yemen, mwisho wa Desemba 1762. Forsskål aliwasikiliza sana wenyeji. Samaki wengi aliwaandika kwa majina aliyoyapata kwa wavuvi wa Kiarabu, na mwatiko wetu pia aliandikwa kwanza na yeye. Vivyo hivyo, mti ambao Waarabu waliuita qat akaupa jina la Catha.

Aliandika kwamba watu wa Yemen hula majani yake mabichi kwa hamu, na alaye mengi hukesha usiku kucha. Waliamini pia kuwa tauni haiingii pahali ulipopandwa mti huo. Yeye mwenyewe hakuona katika ladha ya jani dalili ya nguvu kubwa kiasi hicho.

Hakupata muda wa kuchunguza zaidi. Malaria ilimshika njiani kwenda Sanaa, akafa mjini Yarim tarehe 11 Julai 1763, naye ni kijana wa miaka 31. Katika wale sita, Carsten Niebuhr peke yake ndiye aliyerudi Denmark, mwaka 1767, na ndiye aliyevichapisha vitabu vya marehemu mwenzake mwaka 1775.

Siri ya jani ilijulikana baadaye sana. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilipata katika majani mabichi kitu kiitwacho kathinoni. Mwilini mna mishipa ya fahamu ifanyayo kazi bila ya sisi kuiamrisha. Mtu akishtuka, mishipa hiyo hutoa noradrenalini, moyo ukaenda mbio, mishipa ya damu ikajikaza, na usingizi ukaruka. Kathinoni huifungua ghala hiyo ingawa hakuna cha kumshtua mtu. Athari yake ikiisha, huja uchovu na unyonge wa kesho yake. Na jani likinyauka, kathinoni hugeuka kuwa kitu kilicho dhaifu zaidi. Ndiyo sababu magari ya miraa kutoka milima ya Nyambene huja Nairobi kwa mbio za kutisha.

Hospitali nazo hupita njia hiyo, lakini kwa kipimo. Efedrini, jamaa wa karibu wa kathinoni, hupewa mama ambaye presha yake imeshuka kwa sindano ya ganzi ya mgongo wakati wa kupasuliwa ajifungue. Adrenalini haingoji ghala kufunguliwa. Huenda yenyewe ikashika vipokezi vya moyo, vya mishipa ya damu na vya mapafu, ikamwokoa mtu aliyezidiwa na sumu ya nyuki hata pumzi ikaanza kumziba. Salbutamol, iliyo katika pampu ya pumu, ilitengenezwa ishike zaidi vipokezi vya njia za pumzi kuliko vya moyo.

Basi hapo ndipo ilipo tofauti. Daktari huchagua dawa, huipima, na huitazama presha ya mgonjwa. Mtafunaji hupima kwa shavu. Nawajua wazee wamezao kidonge cha kutuliza moyo asubuhi, na magharibi wakakaa kutafuna cha kuuchochea. Kisha husema dawa za hospitali hazifai kitu.

Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipotangaza kupiga marufuku muguka, ambayo ni aina ya mti huo huo, ubishi ulikuwa mkubwa na mambo yakafika mahakamani. Kila mmoja na ashike upande wake. Forsskål hakuusifu mti wala hakuulaani; aliandika aliyoyaona na aliyoyasikia. Sisi tunajua zaidi ya alivyojua yeye, na mwenye presha asiyemwambia daktari wake kwamba atafuna hana wa kumlaumu.