Julia Margaret Cameron: Ukungu Uliogeuka Sanaa

Wahenga walisema kwamba kufanya kosa si kosa, bali kosa ni kulirudia kosa. Maisha ya mpigapicha Julia Margaret Cameron yanatulazimu kuutafakari upya usemi huo, kwa kuwa yeye alilirudia kosa lake kwa makusudi hadi likawa sanaa.

Cameron alizaliwa Calcutta, India, tarehe 11 Juni 1815. Mwaka 1836, katika Rasi ya Tumaini Jema, alikutana na mwanasayansi Sir John Herschel, ambaye baadaye alimpasha habari za uvumbuzi wa picha. Aliolewa na mwanasheria Charles Hay Cameron mwaka 1838. Miaka kumi baadaye walihamia Uingereza, na mwaka 1860 wakafanya makao Freshwater, katika kisiwa cha Wight, jirani na mshairi Tennyson.

Alikuwa na umri wa miaka 48 alipopewa kamera na bintiye na mkwewe, Disemba 1863, iwe burudani ya kumwondolea upweke. Ghala la makaa aliligeuza chumba cha giza. Banda la kuku likawa studio ya vioo. Kwa masimulizi yake ya mwaka 1874, picha ya kwanza aliifuta mwenyewe alipopitisha mkono juu ya upande wa kioo uliopakwa dawa.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Kioo kilipakwa kolodioni, kikachovywa katika nitrati ya fedha, kikatiwa kamerani kingali kibichi, na kusafishwa kabla dawa haijakauka. Vumbi, alama za vidole na mikwaruzo vilibaki pichani. Cameron hakukata tamaa. Januari 1864 alimpiga picha mtoto Annie Philpot, na hayo akayahesabu kuwa mafanikio yake ya kwanza.

Kosa lake mashuhuri lilihusu lenzi. Alipokuwa akiizungusha, alifika mahali taswira ilipompendeza, ingawa bado ilikuwa na ukungu, akakomea hapo. Wapigapicha wengine wangeendelea hadi kila unywele uonekane. Mwanzoni ilikuwa bahati tu. Kisha ikawa uamuzi. Wahakiki wa majarida ya upigaji picha walimshutumu kwa kutojua kazi. Hata hivyo, jumba la makumbusho la South Kensington lilinunua picha zake mwaka 1865, na mwaka 1868 likampa vyumba viwili vya kufanyia kazi. Picha za Herschel (1867) na Darwin (1868) zingali zinatazamwa hadi leo.

Tusidhani, lakini, kwamba alikumbatia kila dosari. Mwaka 1869, tabaka la dawa juu ya vioo vyake lilipoanza kupasuka, alitafuta ushauri wa Jumuiya ya Wapigapicha. Ukungu aliuchagua, nyufa hakuzichagua. Hapa ndipo penye fundisho: msanii hujaribu kwa furaha, hukosea, kisha huyachunguza makosa yake, akabakiza lile linalosema jambo na kulikataa linaloharibu tu.

Mwaka 1875 alihamia Ceylon (Sri Lanka), akafia huko tarehe 26 Januari 1879. Wahenga hawakukosea: kurudia kosa bila kulitafakari ni kosa. Lakini aliyelitafakari na kulichagua, huyo amevumbua mtindo.