Jonathan Swift, Mtunzi wa Safari za Gulliver

Wengi wetu tunalijua jina la Gulliver kuliko la yule aliyemtunga. Katika toleo hili la kumbukumbu tumeona tumkumbuke mtunzi huyo, Jonathan Swift, kwani naye aliwahi kufunga virago kwa ajili ya vita.

Alizaliwa Dublin, Ireland, tarehe 30 Novemba 1667, baba yake akiwa ameshafariki. Ami yake ndiye aliyemsomesha. Mwaka 1689, vita vya kugombea ufalme kati ya James na William vilipoingia Ireland, kijana huyo alivuka bahari akaenda kwa mama yake Uingereza, kisha akapata kazi ya ukarani nyumbani kwa Sir William Temple. Baadaye akawa mchungaji, na mwaka 1713 mkuu wa Kanisa la Mtakatifu Patrick, Dublin.

Mwaka 1724 aliandika barua za kupinga sarafu duni za shaba ambazo Waingereza walitaka kuzileta Ireland. Alijificha nyuma ya jina la muuza nguo. Ikatangazwa zawadi ya pauni 300 kwa atakayemtaja mwandishi. Watu wengi wa Dublin walimjua, na hakuna aliyemtoa! Mwaka uliofuata mpango wa sarafu ukafutwa.

Kitabu chake kilitoka London Oktoba 1726, bila jina lake. Wanafunzi wetu huwacheka sana watu wa Lilliput, wasiofikia hata inchi sita kwa urefu, wanaouana kwa sababu ya yai: livunjwe upande mnene au upande mwembamba? Watu 11,000 wamekufa kwa ajili hiyo. Wazee hawacheki sana, maana waliokataa amri ya yai wamekimbilia Blefuscu, nchi ya jirani. Halafu Gulliver mwenyewe, kwa kukataa kuwatia utumwani watu wa Blefuscu, anashitakiwa uhaini, naye anakimbilia huko huko. Lilliput inatuma mjumbe: arudishwe, amefungwa mikono na miguu. Mfalme wa Blefuscu anashauriana na watu wake siku tatu, kisha anakataa kwa maneno ya adabu. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye uzito wa kitabu, ingawa vitabu vya watoto huziruka kurasa hizo.

Miaka yake ya mwisho Swift alipotewa na kumbukumbu. Alifariki tarehe 19 Oktoba 1745. Fedha zake, zipatazo pauni 12,000, aliziacha zijengewe hospitali ya wagonjwa wa akili. Ilifunguliwa Dublin mwaka 1757, na hadi leo inapokea wagonjwa.