Luigi Broglio, jenerali aliyeipa sayansi ya anga mlango wa Malindi

Katika migodi ya Haut-Katanga, fundi huelekeza kifaa cha eksirei kwenye jiwe, na baada ya muda mfupi anajua lina shaba au kobalti kiasi gani. Kila elementi hutoa miali yenye nguvu yake ya pekee. Wanasayansi hutumia alama hizo hizo kupima madini yaliyomo katika gesi ya mbali angani. Kizuizi ni hewa: ile wanayoivuta wakaaji wa Hewa Bora, Lubumbashi, ndiyo inayozuia eksirei za angani zisifike ardhini. Lazima kifaa kipelekwe juu yake.

Luigi Broglio aliifungulia kazi hiyo njia katika Afrika Mashariki. Mwitalia huyo, aliyezaliwa Mestre mwaka 1911, alikuwa mhandisi, jenerali wa jeshi la anga na profesa mjini Roma. Katika miaka ya 1960 alisimamisha majukwaa ya kurushia roketi baharini karibu na Malindi, Kenya, nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta. Hapo mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vifaa.

Tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 ya Italia iliruka kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikafuata setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Iliona eksirei zikitoka katika makundi mazima ya galaksi. Je, chanzo chake kilikuwa gesi ya moto au kitu kingine? Wataalamu walibishana.

Jibu lilitoka kwa Ariel V ya Uingereza, iliyorushwa hapo hapo tarehe 15 Oktoba 1974. Mwaka 1976 ilitangazwa kwamba imeona alama ya chuma katika kundi la Perseus. Basi ni gesi, tena ya moto mno. Na kwa kuwa chuma hupikwa ndani ya nyota, sehemu ya gesi hiyo iliwahi kupitia humo. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba, kwa uwiano, chuma chake ni kama theluthi ya kile cha Jua.

Hadi 1988, setilaiti 9 zilikuwa zimerushwa Malindi. Broglio alifariki Januari 2001. Mwaka uliofuata Riccardo Giacconi, kiongozi wa utafiti wa Uhuru, alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kituo cha Malindi leo kinaitwa kwa jina la Broglio.