Francis Galton

Francis Galton (Birmingham, 16 Februari 1822 – Haslemere, 17 Januari 1911) alikuwa mwanasayansi wa Uingereza, binamu wa Charles Darwin.

Utafiti wa kusikia

Galton alibuni filimbi ndogo ya kutoa sauti nyembamba mno. Alipoijaribu kwa watu wa rika mbalimbali, aligundua kuwa vijana husikia sauti ambazo wazee hawazisikii kabisa, na kwamba wazee wengi hawajui kuwa wamepungukiwa. Alieleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1883. Mwaka 1884 alifungua maabara mjini London, ambako watu zaidi ya 9,000 walipimwa macho, masikio na nguvu.

Tathmini

Galton aliamini kuwa ukali wa hisi huonyesha wingi wa akili. Pia alianzisha eugenia, itikadi ya kuchagua nani azae, iliyowadhuru watu wengi. Leo inajulikana kuwa upungufu alioupima hutokana na kuchakaa kwa sikio la ndani. Mzee husikia sauti ya msemaji, lakini konsonanti kama "s" na "f" humpotea, hasa penye kelele. Akili na uzoefu wa lugha ndivyo humsaidia kukisia maneno yaliyompita.