Buster Keaton: Mchekeshaji aliyeokolewa na wakusanyaji wa filamu

KATIKA historia ya sinema zisizo na sauti, ni wachache waliofikia kimo cha Buster Keaton, Mmarekani aliyewavunja watu mbavu bila yeye mwenyewe kutabasamu. Hata hivyo, kazi zake nusura zipotee angali hai.

Keaton alizaliwa Oktoba 4, 1895 huko Piqua, Kansas, katika familia ya wasanii. Tangu utotoni alipanda jukwaani na wazazi wake, na baba yake alikuwa akimrusha huku na kule kuwachekesha watazamaji. Huko ndiko alikojifunza kuanguka bila kuumia.

Mwaka 1917 aliingia katika filamu akishirikiana na Roscoe Arbuckle, na kuanzia 1920 akawa anatengeneza zake mwenyewe, zikiwamo Sherlock Jr. ya 1924 na The General ya 1926. Katika Steamboat Bill, Jr. ya 1928, ukuta mzima wa nyumba unamwangukia, naye anasalimika kwa kuwa amesimama penye uwazi wa dirisha. Haikuwa hila ya kamera.

Mwaka huohuo alijiunga na kampuni ya MGM na kupoteza uhuru wake wa kazi. Ulevi na talaka ya mwaka 1932 vilimshusha zaidi, hata akaishia kuwatungia wengine vichekesho.

Filamu zake nazo zilikuwa hatarini. Mikanda ya enzi hizo ilitengenezwa kwa naitreti, ambayo hushika moto upesi na huoza isipotunzwa. Sinema zenye sauti zilipoingia, za zamani zilionekana hazina thamani na nyingi zikatupwa.

Katika miaka ya 1950, mwigizaji Mwingereza James Mason, aliyenunua jumba la zamani la Keaton huko Beverly Hills, alikuta humo mikanda yake. Mkusanyaji Raymond Rohauer, aliyekutana na Keaton mwaka 1954, alisaka mingine na kuihamishia kwenye mikanda iliyo salama. Rohauer hakupendwa na wote, kutokana na madai yake ya hakimiliki, lakini kazi yake ilizaa matunda.

Keaton alitunukiwa Oscar ya heshima mwaka 1960, na mwaka 1965 alishangiliwa katika tamasha la filamu la Venice. Alifariki dunia Februari 1, 1966, akiwa na umri wa miaka 70.

Msako haukuishia hapo. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa nchini Argentina imepatikana nakala ya The Blacksmith, filamu yake ya 1922, yenye vipande ambavyo havimo katika nakala zilizozoeleka.